Leteni mada zenu za Python

Mwaka huu nami nimo katika kamati inayosoma mapendekezo ya mada za mkutano wetu wa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na nawaomba sana mtuandikie. Usiseme huna jipya. Mada iliyonigusa kuliko zote ilihusu mstari mmoja tu:

def ongeza(kitu, orodha=[]):

Mwenzetu alikesha siku mbili akijiuliza kwa nini data za mteja mmoja zinajitokeza kwa mwingine. Kumbe Python huiunda orodha ile tupu, yaani [], mara moja tu, pale funksheni (kipande cha msimbo chenye jina, hapa ongeza) inapofafanuliwa, kisha kila unapoiita inatumia ileile. Dawa yake ni kuweka None, yaani hakuna kitu, badala ya [], halafu kuunda orodha mpya ndani ya funksheni. Ukumbi mzima uliinama ukiandika.

Lugha hii Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991, na bado ina mengi ya kutufundisha.

Aya moja yatosha: tatizo lilikuwa nini, ulilitatuaje, msikilizaji ataondoka na nini. Hujawahi kusimama jukwaani? Andika hivyo hivyo, nitakaa nawe tufanye mazoezi. Na msimbo uliokushinda pia tunautaka, tena huo hasa.