Safari Iliyoanza kwa Kiu

Safari yangu ilianza usiku wa kuamkia siku yenyewe, nilipoacha kunywa maji. Sikuwa nimefunga wala sikuwa mgonjwa. Nilijua kwamba basi nitakaloondoka nalo alfajiri halina choo ninachoweza kuingia, kwamba vyoo vya njiani vina vizingiti na milango myembamba kuliko kiti changu, na kwamba saa tano za barabara zinanitenganisha na stesheni ya treni. Wenzangu wanaotumia kiti cha magurudumu wanaifahamu hesabu hii. Madaktari hutuonya kuhusu maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo ni hatari zaidi kwa sisi tulioumia uti wa mgongo, nasi huitikia kwa adabu, lakini safari ikifika tunaifunga chupa.

Nilikuwa nakwenda kwenye mkutano wa kupokea maoni ya wananchi kuhusu usafiri wa umma.

Kituoni, utingo alimtazama mdogo wangu aliyenisindikiza akamwuliza, "Huyu anakwenda wapi?" Nilimjibu mimi mwenyewe, kisha nikamwonyesha tiketi yangu. Basi lilikuwa na ngazi nne, ya kwanza ikiwa juu kuliko magoti yangu nikiwa nimeketi. Wanaume wawili walikuja kunisaidia bila kuitwa, mmoja akanishika chini ya kwapa na mwingine chini ya magoti. "Usiogope, dada, tumeshakushika," alisema wa nyuma. Gauni langu lilipanda hadi mapajani na sikuweza kulishusha, kwa kuwa mikono yangu yote miwili ilikuwa imeng'ang'ania shingo ya mtu nisiyemjua, mbele ya abiria waliokuwa wamekwisha kuketi. Kiti changu kiliingizwa kwenye buti chini ya mabegi, na tulipofika stesheni gurudumu dogo la mbele lilikuwa limepinda, likawa linavuta kushoto siku zote tatu zilizofuata.

Sina neno baya juu ya wanaume wale, kwa maana walikuwa watu wema na niliwashukuru kwa moyo wote. Hata hivyo, kwa miaka yote niliyosafiri nimejifunza kwamba kubebwa na kupanda ni mambo mawili tofauti. Anayepanda huchagua mahali pa kuketi na wakati wa kushuka. Anayebebwa huwekwa palipo karibu na mlango, kisha hungoja hadi mtu mwenye nguvu apatikane. Wema huo pia hauwafikii wote. Kiti cha umeme peke yake kinaweza kuzidi kilo 100, na hakuna vijana wawili watakaokipandisha ngazi nne, kwa hiyo mwenye kiti hicho hubaki nyumbani. Kwa kuwa hakufika kituoni, haingii katika hesabu ya abiria, na wanaopanga usafiri wakiangalia hesabu hiyo husema kwamba watu wa namna yake hawapo. Hoja hii ndiyo inayoniumiza kuliko nyingine zote, kwa sababu mlango uliomfungia mtu nje hugeuzwa kuwa ushahidi kwamba hakutaka kuingia.

Ndani ya basi nilikuwa na muda mrefu wa kuwaza, na mawazo yangu yalikwenda Denver, Marekani. Tarehe 5 Julai 1978, watu 19 wenye ulemavu waliyazingira mabasi mawili katika makutano ya barabara katikati ya mji huo. Baadhi yao walishuka kwenye viti vyao wakalala barabarani, wakakesha hapo hadi siku ya pili, huku wakiimba kwamba watapanda. Sijasoma popote kwamba waliomba watu zaidi wa kuwabeba. Walidai mabasi yenye vifaa vya kupandishia viti. Miaka 12 baadaye, Machi 1990, wengine waliviacha viti vyao chini ya ngazi za Bunge la nchi hiyo, wakazipanda kwa viwiko na magoti, na mwezi Julai mwaka huohuo sheria inayokataza ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu, usafiri wa umma ukiwemo, ikatiwa saini.

Stesheni ya treni ilinipa tabu ya aina nyingine. Nilikuwa nimepiga simu siku mbili kabla, nikahakikishiwa kwamba kila kitu kipo, na kweli vilikuwepo: njia ya mteremko mlangoni, lifti, na bamba la chuma la kuunganisha ukingo wa jukwaa na behewa. Lakini njia ile ilikuwa fupi na kali. Kipimo kinachokubalika na wengi ni kwamba kila sentimita moja ya kimo inahitaji angalau sentimita 12 za urefu, maana yake kizingiti cha sentimita 60 kinahitaji zaidi ya mita saba za mteremko, nami niliona kama mita mbili tu. Nilipoijaribu, magurudumu ya mbele yaliinuka na nikakaribia kuanguka kichalichali. Lifti ilikuwa imeharibika. Bamba lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa hajaingia kazini, kwa hiyo nilikaa jukwaani nikiitazama treni yangu ikiondoka. Niliondoka na iliyofuata, saa tatu baadaye.

Mataifa yaliyoridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 13 Desemba 2006, yaliahidi katika Ibara ya 9 kuondoa vizuizi katika majengo, barabara na usafiri. Nafikiri wengi huielewa ahadi hiyo kama orodha ya vifaa vya kununua, ilhali kwa msafiri ni mnyororo, na pete moja ikikatika, zilizobaki zote hazimfikishi popote. Ufunguo wa kufuli ni sehemu ya usafiri sawasawa na injini ya treni.

Katika mji nilikokuwa nakwenda nilikuta basi lenye sakafu ya chini. Dereva alilisogeza hadi karibu kabisa na ukingo wa barabara, akaliinamisha upande wa mlango, akafungua ubao mfupi, nami nikaingia kwa mikono yangu mwenyewe. Nyuma yangu alipita mama akisukuma kigari cha mtoto, kisha mzee mwenye mkongojo, wote wakitumia ubao uleule. Niligeuza kiti, nikafunga breki, nikatazama huku na huku. Hakuna aliyekuwa akinitazama. Wengine walisinzia na wengine walisoma simu zao, na kwa muda wote wa njia ile nilikuwa abiria tu miongoni mwa abiria, hali ambayo nilikuwa nimeikosa kwa muda mrefu kiasi kwamba macho yalinilenga machozi.

Ukumbini, kipaza sauti kilikuwa juu ya jukwaa lenye ngazi tatu. Vijana wawili waliinuka mara moja kuja kuninyanyua. Niliwashukuru, nikaomba kipaza sauti kiletwe chini, nacho kikaletwa. Nilisema kwamba basi likinunuliwa hudumu barabarani miaka mingi, kwa hiyo kila basi la ngazi linalonunuliwa leo linatufungia nje kwa muda wote huo, na kwamba tunataka kuketi mezani wakati michoro bado iko kwenye karatasi, kabla saruji haijamwagwa. Mmoja wa waandalizi aliniuliza kwa upole, "Dada, mko wangapi hasa mnaohitaji huduma hii?" Nilimwomba awahesabu pia wenye vigari vya watoto, wazee wenye mikongojo, na waliovunjika mguu, kisha aniambie amepata wangapi. Aliandika, ingawa sikuona alichoandika.

Siku ya kurudi, treni ilikuwa na behewa jipya, lenye choo kipana ambamo kiti changu kiliweza kugeuka. Nilinunua chupa ya maji stesheni, nikaanza kuinywa mara tu treni ilipoondoka, taratibu, nikiona utamu wake. Nilipofika nusu nikafunga kifuniko, kwa sababu baada ya treni lilikuwa limebaki lile basi.