Mariamu Alikaa Miezi Mitatu
Tafakari ya juma la pili la Majilio, kwa familia zinazopokea wazazi ughaibuni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu ni Luka 1:39–56.

Luka anatumia mistari 17 kueleza saa chache tu. Mariamu anakwenda nchi ya milimani kwa haraka, anaingia nyumbani kwa Zakaria, anamwamkia Elisabeti, kitoto kinaruka tumboni, Elisabeti anapaza sauti, Mariamu anaimba. Kisha unakuja mstari wa 56 peke yake: alikaa naye kadiri ya miezi mitatu, akarudi kwao. Miezi yote mitatu imeingia katika mstari mmoja. Nani alichota maji, nani alipika, walizungumza nini jioni, hatuambiwi.

Sisi Watanzania tunaoishi Ujerumani na kuwaita wazazi kwa Krismasi tunauishi mstari huo kwa hesabu kamili, maana viza ya Schengen ya matembezi, ile ya nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, huruhusu siku 90 ndani ya kila siku 180. Babu na Bibi hutua mwishoni mwa Novemba na kuondoka Februari. Na mara nyingi tunajiandaa sana kwa matembezi, tukisahau salamu na zile siku za kawaida ambazo Luka ameziweka katika mstari mmoja. Humo ndimo ugeni unamopata baraka au kuharibika.

Haraka ya Mariamu sisi hatuwezi kuiiga. Maombi ya viza hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Anayetaka wazazi wafike kwa Majilio aanze Juni au Julai, kwa sababu nafasi za miadi hujaa mapema. Mwenyeji huenda ofisi ya wageni ya mji wake kuchukua hati ya udhamini, ile Verpflichtungserklärung, kwa euro 29, akiwa na hati za mshahara na mkataba wa nyumba. Nakala halisi ndiyo itumwe Tanzania, picha ya simu haitoshi. Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima ifikie walau euro 30,000. Kinachoangusha wazee wengi ni shaka kwamba hawatarudi. Kwa hiyo waambatanishe hati ya shamba, karatasi za pensheni, na barua ya usharika kama mzee ana utumishi kanisani. Viza ikitoka, someni karatasi yenyewe: idadi ya siku iliyoandikwa humo yaweza kuwa pungufu ya 90. Siku ya kuingia huhesabiwa na siku ya kutoka huhesabiwa. Aliyeingia tarehe 20 Novemba na kupewa siku zote 90, siku yake ya mwisho ni tarehe 17 Februari. Msikate tiketi ya siku ya 90 yenyewe. Theluji ikifunga uwanja wa ndege, mzee amevunja sheria bila kosa lake.

Kwenye mabegi huwa kuna huzuni inayozuilika. Nyama ya aina yoyote, hata iliyokaushwa, na samli, na maziwa ya mgando haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya katika begi la abiria. Bibi aliyekesha akiandaa samli ya wajukuu ataiona ikitupwa mbele ya macho yake. Mwambieni mapema, kwa upole, na mwambieni pia kinachoruhusiwa: samaki waliokaushwa hadi kilo 20, kwa hiyo dagaa ruksa, asali hadi kilo 2, nazi, ndizi, nanasi na tende. Embe halimo katika orodha hiyo, linahitaji cheti cha afya ya mimea. Dawa za presha na sukari zikae kwenye begi la mkononi, katika maboksi yake, pamoja na barua ya daktari, zitoshe siku zote za kukaa na wiki mbili za ziada, maana bima ya safari kwa kawaida hailipii ugonjwa aliokuja nao mtu. Insulini isiende kabisa na mizigo ya chini, ikiganda imeharibika. Na jaketi na soksi nene zipelekwe pale mlangoni uwanjani. Zikiachwa nyumbani, mwendo wa dakika tano kutoka mlango wa uwanja hadi kwenye gari unatosha kumtetemesha mzee kwa baridi.

Sasa tuje kwenye salamu, kwa sababu ndipo Roho alipoanzia kazi nyumbani kwa Zakaria. Elisabeti anasema kitoto kiliruka sauti ya kuamkia ilipoingia masikioni mwake. Watoto wetu waliozaliwa huku humpungia mtu mkono, husema “Hallo”, wakarudi kwenye michezo yao. Hawana ubaya, hawajafundishwa. Basi tuwafundishe wiki tatu kabla, na tuwafundishe mazungumzo kamili, maana neno moja halitoshi. Mtoto anasema, “Shikamoo Bibi.” Bibi anajibu, “Marahaba mjukuu wangu, hujambo?” Hapo ndipo wengi hukwama: mtoto amekariri neno la kwanza tu, anamtazama mama yake, Bibi naye ameinama akisubiri. Ajue kusema “Sijambo, Bibi. Pole na safari.” Mama awe ndiye Bibi kila asubuhi kabla ya shule, wafanye mazoezi huku viatu vikifungwa. Mtu amepanda ndege usiku kucha, miguu imevimba, na hicho kisauti kidogo ndicho kitu cha kwanza anachokipokea katika nchi asiyoijua.

Elisabeti naye hakubaki mwenyeji tu. Alisema, “Limenitokeaje neno hili, hata mama wa Bwana wangu anijilie mimi?” Ndugu, semeni maneno ya namna hiyo kwa wazazi wenu kabla ya kuwaonyesha bafu na namna ya kufungua bomba.

Siku za kawaida zinaanza usiku ule ule. Saa ya Ujerumani wakati wa baridi iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa mbili, kwa hiyo mzee aliyezoea kuamka saa 11 alfajiri ataamka saa 9 usiku. Atakaa kitandani, kisha ataanza kuomba kwa sauti na kuimba pambio kama alivyofanya miaka yote. Kuta za maghorofa ni nyembamba, na utulivu wa usiku ni sheria hadi saa 12 asubuhi. Usimwambie baba yako “kimya” gizani. Mpangie mapema chumba kisichopakana na jirani, mwekee taa ndogo, Biblia na chupa ya chai, na mweleze utaratibu wa jengo mchana akiwa ameshiba. Baada ya wiki moja mwili huzoea.

Chumba chenyewe kina mambo yake. Hita ya ukutani ina kifungo cha namba 1 hadi 5. Namba 3 ni kama nyuzi 20, namba 4 kama 24. Kuzungusha hadi 5 hakuharakishi joto, kunaongeza tu gharama. Wazee hufunga madirisha yote wakiogopa baridi, na watu watatu wakilala chumba kimoja, kuta hutokwa jasho, na kufikia Januari kuna ukungu mweusi pembeni. Fungueni dirisha wazi kabisa dakika tano hadi kumi, mara tatu kwa siku, mzee akiwa chumba kingine. Desemba jua huchomoza baada ya saa 2 asubuhi na kuzama karibu saa 10 jioni. Mtu wa Moshi au Tukuyu hajawahi kuishi siku fupi hivyo, na upweke humwingia bila yeye kujua unatoka wapi. Atolewe nje kila siku saa 6 mchana, hata kwa nusu saa. Asubuhi za barafu asubiri mchanga umwagwe njiani. Akitembea, hatua ziwe fupi, wayo wote ukanyage chini, na mikono isikae mifukoni.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tunawanyima wazazi jembe tukidhani ndiyo heshima, wanakaa kwenye kochi miezi mitatu wakitazama televisheni ya lugha wasiyoijua. Mpeni Babu shada la Majilio, lile duara la majani ya msonobari lenye mishumaa. Mwanatheolojia Johann Hinrich Wichern alilianzisha Hamburg mwaka 1839 kwa ajili ya watoto maskini aliokuwa akiwalea, juu ya gurudumu la mbao: mishumaa mikubwa minne kwa Jumapili, na midogo kwa siku za kazi, ili watoto waone Krismasi inavyokaribia. Kwetu leo inatosha minne. Babu awashe, asome, aombe. Mjukuu asome mstari mmoja kwa Kiswahili. Shada liwe juu ya sahani ya udongo, na lisiachwe peke yake. Kufikia Jumapili ya tatu yale majani yamekauka, na cheche moja huyawasha kama karatasi.

Jiko pia ni jembe. Kwa watu 12 pilau huhitaji mchele wa basmati kilo moja na nusu uliolowekwa nusu saa, nyama kiasi hicho hicho, vitunguu vikubwa sita, na supu kama lita mbili na robo. Bibi akikaanga vitunguu hadi viwe vya hudhurungi, king'ora cha moshi kitalia. Asifokewe, wala kisitolewe betri. Fungeni mlango wa jikoni na fungueni dirisha kabla hajaanza. Jiko la umeme nalo hubaki na moto hata likizimwa, na ndiyo sababu wali huungua chini. Supu ikikaribia kukauka, funikeni sufuria isiyo na mpini wa plastiki na muiingize kwenye oveni nyuzi 160 kwa dakika 25. Hiyo ndiyo kazi ya makaa juu ya mfuniko.

Pangeni pilau hiyo iwe tarehe 26. Tarehe 24 maduka hufungwa kufikia saa 8 mchana, na tarehe 25 na 26 zote ni sikukuu. Mwaka 2026 tarehe 27 ni Jumapili, hivyo hakuna kununua chumvi hadi Jumatatu ya tarehe 28, isipokuwa vituo vya mafuta na baadhi ya maduka ya stesheni kubwa. Duka la Mturuki lenye nyama ya mbuzi nalo hufungwa. Ibada kuu ni ya tarehe 24 jioni. Fikeni dakika 45 mapema ili wazee wapate kiti, na mwe mmewachapia Luka 2:1–20 kwa Kiswahili, herufi kubwa, wafuate inaposomwa kwa Kijerumani. Tarehe 25 Bibi atakaa akisubiri mlango ugongwe, kama kwao. Hautagongwa, hapa hakuna anayekuja bila kualikwa. Basi tarehe 26 waiteni wanafunzi na wauguzi wa kwetu ambao wamebaki peke yao mabwenini. Nyumba ijae, watoto wapite na maji ya kunawa, mzee abariki chakula.

Kuhusu safari, neno langu ni moja: chache, na zenye maana kwao. Miji saba kwa siku kumi huwaachia picha na magoti yaliyovimba. Kwa walio upande wa mashariki, tiketi ya siku ya Sachsen hubeba hadi watu watano kwenye treni za mikoa katika majimbo ya Sachsen, Thüringen na Sachsen-Anhalt. Siku za kazi inaanza saa 3 asubuhi, na haitumiki kwenye treni za mwendo kasi. Leipzig ndiko walikotoka wamisionari walioanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Wittenberg ndiko Luther alikohubiri, katika kanisa la mji ambalo bado lina ibada. Kwa Wamoraviani, nendeni Herrnhut: treni kutoka Dresden hadi Löbau au Zittau, kisha basi. Kutoka kanisa la Moravian la huko walikuja wamisionari waliofungua Rungwe mwaka 1891, na kitabu cha maneno ya kila siku, yaani mistari ya Biblia ya kila siku ya mwaka, kinachapwa huko tangu 1731. Makaburini, juu ya kilima cha Hutberg, mawe ya ndugu wa kawaida yamelala chini, yote sawa, mkubwa na mdogo. Mwacheni Babu asimame hapo kadiri apendavyo. Beba thermosi ya uji, panga choo na benchi kila baada ya saa moja, na siku inayofuata isiwe na safari.

Kisha mstari wa 56 unamalizika: akarudi nyumbani kwake. Pimeni mabegi siku mbili kabla, si usiku wa mwisho. Toeni mifuko ya plastiki, kwani Tanzania iliipiga marufuku tangu Juni 2019. Ombeni huduma ya kiti cha magurudumu kwa shirika la ndege angalau siku mbili kabla, hata kama mzee anatembea vizuri. Viwanja vya kubadilishia ndege ni virefu, na anayemsukuma anajua mlango. Na baraka zitolewe nyumbani, kabla viatu havijavaliwa. Uwanjani kuna foleni, mizigo na saa inayokimbia. Sebuleni wajukuu wanaweza kupiga magoti mmoja mmoja, Babu akaweka mkono kichwani pa kila mmoja na kumtaja kwa jina lake la nyumbani, gari likisubiri chini.