Kesho Pangani, baharini na mtoni

Jamani, kesho alfajiri tunaingia baharini kuvua na nahodha wa hapahapa Pangani, jioni maji yakijaa tunapanda mtoni. Leo kutwa ni maandalizi tu. Nahodha kakagua ndoana zangu mojamoja, zenye kutu kazitupa bila hata kuniuliza! Kwa nguru anataka kipande cha waya juu ya ndoana, maana meno yake yanakata mshipi kama wembe. Chambo ni ngisi, wameshalazwa kwenye barafu. Mtoni nimeonywa nisining'inize miguu nje ya boti, mamba wapo. Jaketi la kuogelea wengine wanaona aibu kulivaa. Mimi nalivaa tangu ufukweni. Tangawizi ya kichefuchefu ninayo. Wa kuagiza samaki aina ya changu aagize sasa, ila bei tutapatana nikirudi.