Mhasibu mtarajiwa nilivyojikuta nasoma Wachicano, na nilivyomaliza

Watu wa nyumbani wakisikia nilienda California kusoma uhasibu halafu pembeni nikasoma habari za Wachicano (Wamarekani wenye asili ya Mexico) na Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini kwa ujumla) wananiangalia kama nimelogwa, kwahiyo leo ngoja nieleze ilikuaje. Huku hicho kisomo cha pembeni ukiacha digrii yako kuu wanakiita maina (sio yule Maina wa Kikuyu jamani) na kwangu kilikua krediti 18.

Kwanza sikuchagua. Viza ya mwanafunzi inakutaka uwe na krediti zisizopungua 12 kila semista, na semista ile kozi za uhasibu zilijaa mimi bado nimelala, nikaamka nina krediti 9 tu. Chuo changu ni cha mfumo wa CSU, vile vyuo vya serikali ya jimbo, na kuna sheria ilisainiwa 2020 inayotaka mwanafunzi asome walau krediti 3 kuhusu mojawapo ya makundi manne: wenyeji asilia, Wamarekani weusi, Waasia au Walatino. Darasa lililobaki wazi lilikua la Wachicano, saa mbili asubuhi. Nikabonyeza, liwalo na liwe.

Insha yangu ya kwanza nilipata C. Niliandika kwa kujiamini kabisa kwamba Walatino ni wahamiaji waliovuka mpaka kutafuta maisha, na profesa akaniwekea alama za kuuliza kila aya. Kumbe mwaka 1848 baada ya vita na Marekani, Mexico ilisaini mkataba wa Guadalupe Hidalgo ikapoteza karibu nusu ya nchi, California ikiwemo, sasa waliokua wanaishi pale walilala Mexico wakaamka Marekani, wao wenyewe wana msemo kwamba hatukuvuka mpaka, mpaka ndio ulituvuka. Halafu watu wa Puerto Rico ni raia wa Marekani tangu 1917, na watu wengi wa El Salvador walikimbia vita vya kwao vya miaka ya themanini. Mimi wote nilikua nimewatia gunia moja. Hata hilo jina Chicano zamani lilikua la dharau, ni vijana wa miaka ya sitini wenye asili ya Mexico waliolichukua wakalivaa kwa fahari.

Ile C iliniuma nikajisajili kozi ya pili kwa hasira tu.

Kilichoninasa hasa ni habari ya Machi 1968, wanafunzi wa sekondari Mashariki mwa Los Angeles walivyotoka madarasani kwa maelfu, mwalimu Sal Castro akiwa nyuma yao. Walitaka historia yao ifundishwe na walimu waache kuwaadhibu kwa kuongea Kispanyola shuleni. Nikasoma pale nikasimama kwanza. Mimi nimesoma inglishi midiam Tanga, nimevalishwa kibao shingoni kwa kusema "nipe rula" kwa Kiswahili, na siku zote nilidhani lile ni jambo letu sisi tu. Kwenye mjadala nikahadithia, darasa zima likageuka kuniangalia, na kuanzia siku ile nikawa mtu wa kuongea, kabla ya hapo nilikua nakaa nyuma karibu na mlango.

Sasa namna nilivyomudu. Nilimfuata mshauri wa masomo mapema nikakuta kozi mbili zinahesabika huku na huku, yani zinajaza maina na pia yale masomo ya lazima ya kila mwanafunzi, bila hapo ada ingenitoa roho. Nikawa siweki kozi ya kusoma sana semista moja na kozi ya kodi, nilijaribu mara moja nikajuta. Na Jumamosi nilikua napanda treni kwenda kuona sehemu zenyewe, Boyle Heights na Whittier Boulevard kule Los Angeles, siku moja hadi San Diego kuona Chicano Park, ile bustani chini ya daraja ambayo wananchi waliikalia Aprili 1970 walipoona panataka kujengwa kituo cha polisi wa barabarani wakati waliahidiwa bustani. Nguzo za daraja zimechorwa. Ukishasimama pale mtihani hausumbui.

Kispanyola nilikiogopa bure. Irabu ni zetu zilezile a e i o u, unasoma kama ilivyoandikwa, halafu maneno mengine unayo tayari: mesa ni meza, azúcar ni sukari, na "hasta mañana" hiyo hasta ni hata yetu. Sukari na hata zimetoka kwa Mwarabu, meza tuliipata kwa Mreno. Bibi mmoja muuza tamale (donge la unga wa mahindi lililofungwa kwenye ganda la hindi likapikwa kwa mvuke) karibu na kwangu alikua ananisahihisha bure kila asubuhi, ingawa kwakweli tamale zake nimelipia nyingi.

Kazi ya mwisho ilikua kurekodi simulizi la mzee. Babu wa mwanadarasa mwenzangu alikua bracero, wale vibarua Marekani iliowachukua kwa mkataba kutoka Mexico 1942 hadi 1964. Akanisimulia walivyopuliziwa dawa ya wadudu ya DDT mpakani kama mbuzi wa josho, na lile jembe la mpini mfupi, el cortito, unainama kutwa kwenye letusi, California ililipiga marufuku 1975 tu. Akainuka anionyeshe walivyokua wanainama, mjukuu akamdaka mkono.

Usiku nikampigia baba, ambaye mwaka mzima alikua ananiuliza "sasa mama, hiyo nayo itakupa kazi?" Nikamueleza habari za mkataba na vibarua kupangwa foleni. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limeisha. Mwisho akasema babu yako alikuja Tanga kutoka Kigoma hivyohivyo, kwenye mkonge, manamba, hukuwahi kuuliza. Nikasikia anafungua sanduku la bati. Kipande cha babu, ile kadi yake ya kazi, kipo. "Andika," akasema, akaanza kunisomea namba.