Gozi Tumboni: Tulivyodai Fidia Hadi Ikalipwa

Dada yangu alisahauliwa gozi (kitambaa cha kufyonza damu) tumboni wakati wa upasuaji, tukadai fidia. Nianze na walionishauri vibaya, maana hasira bado ninayo. Mmoja alisema twende polisi daktari akamatwe. Mwingine, tuite waandishi wa habari. Wa tatu, tena msomi, akasema tupeleke malalamiko Baraza la Madaktari Tanganyika, linalosimamia madaktari wa Tanzania Bara, "litawalipa". Baraza halilipi mgonjwa. Linaweza kumpa daktari onyo, kumsimamisha au kumfuta kwenye daftari. Fidia inatoka mahakamani, au kwenye makubaliano mkiwa njiani kwenda huko.

Dada alifanyiwa upasuaji wa kujifungua kwenye hospitali ya halmashauri moja ya huku kandokando ya ziwa. Mtoto alitoka salama, mama akabaki na homa na uvimbe chini ya kitovu, akatibiwa taifodi mpaka akakonda. Eksirei haikuonyesha kitu. Kwa kawaida gozi za chumba cha upasuaji huwa na uzi unaoonekana kwenye eksirei, ila zile zinazokatwa hapohapo kutoka kwenye roli hazina, kwa hiyo eksirei safi haimaanishi tumbo safi. Ultrasaundi ya mjini Mwanza ndiyo iliyoona gozi ndani, CT scan ikathibitisha (na kula karibu mtaji wote wa biashara yake ya dagaa).

Hapa najisifu kidogo. Kabla hajapasuliwa tena, na kabla hatujamnung'unikia mtu, niliandika barua ya kuomba nakala za kumbukumbu zake ili bingwa anayempokea azisome. Ni kweli tupu, na haimshtui mtu. Ukiomba "faili" unapewa karatasi ya ruhusa basi. Taja kila kitu kwa jina: fomu ya ridhaa, ripoti ya upasuaji, chati ya dawa ya usingizi, karatasi ya kuhesabia gozi na vifaa, maelezo ya wauguzi ya kila zamu. Wakisita, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki ya kupata taarifa zake. Barua iwe nakala mbili, yako igongwe muhuri wa masjala wenye tarehe.

Karatasi ya kuhesabia iliandikwa vizuri sana: gozi kumi zimeingia, kumi zimetoka, "sahihi", saini. Ripoti ya upasuaji, mwandiko mwingine, ilisema damu ilizidi, ikafunguliwa pakiti ya tatu. Pakiti moja ni gozi tano. Kumi na tano ziliingia! Nilisoma karatasi hizo mbili sambamba juu ya meza ya shemeji na nikajua kesi ipo. Mara nyingi ndivyo inavyokuwa: hesabu imeandikwa sawa, lakini kilichoongezwa wakati wa haraka hakikuingizwa. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani (WHO), ya mwaka 2008, inataka hesabu ithibitishwe kwa sauti kabla mgonjwa hajatoka chumbani.

Daktari anayempasua mara ya pili usimwombe aseme mwenzake ni mzembe, hataandika. Mwombe aandike alichokikuta: wapi, kikubwa kiasi gani, kimeshikana na utumbo au la. Apige picha kikiwa kando ya rula, kisha kipelekwe patholojia (maabara inayochunguza vitu vilivyotolewa mwilini) badala ya ndoo ya taka. Ripoti ya patholojia ndiyo iliyofunga midomo.

Walijitetea kwa fomu ya ridhaa. Ridhaa inahusu hatari za upasuaji wenyewe, na kusahau gozi haimo. Lakini kama mtu wako amepata usaha wa kidonda tu, bila karatasi inayoonyesha kosa, kesi ni nyembamba, nakuambia mapema.

Kesi nyingi zinafia kwenye jina la mdaiwa. Hospitali ya halmashauri si mtu kisheria, anayeshtakiwa ni halmashauri pamoja na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri linafunguliwa Mahakama Kuu. Kwanza toa notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki, nakala kwa Mwanasheria Mkuu na Wakili Mkuu wa Serikali. Ukifungua kabla hazijaisha, shauri linatupwa. Hospitali za binafsi hazina notisi hiyo, ila usiamini bango la getini: mwenye hospitali anaweza kuwa kampuni yenye jina jingine, na za dini mara nyingi ni wadhamini waliosajiliwa. Ukomo wa madai ya uzembe ni miaka mitatu. Hesabu tangu siku ya upasuaji, usibishane kuhusu siku uliyogundua, na siku 90 ziweke humo humo ndani.

Fidia ina mafungu mawili. Maumivu anayakadiria jaji. Gharama halisi lazima zitajwe moja moja kwenye hati ya madai na kuthibitishwa kwa karatasi. Dada anauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, risiti za biashara hana. Tulikusanya stakabadhi za ushuru wa soko, daftari lake la magunia, na taarifa ya miamala ya simu ya mwaka wa kabla ya upasuaji na ya miezi aliyolala. Pengo lilionekana kwa macho. Nauli za meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe, tulizitunza pia, hata vikaratasi vilivyofifia (vitolee kopi mapema, wino wa mashine hupotea).

Wakili alichukua laki kadhaa za kuanzia, zilizobaki tukakubaliana kidogo kidogo. Kwenye usuluhishi wa mahakama upande wa pili ulitaka kumaliza, ukaleta hati ya makubaliano bila tarehe ya malipo. Tulikataa kusaini. Mali ya Serikali haikamatwi na dalali wa mahakama, kwa hiyo tarehe isipoandikwa utasubiri hadi uchoke. Tukakataa pia sentensi ya "hakutakuwa na madai mengine yoyote" mpaka ikaongezwa gharama ya kutibu utumbo ukija kuziba kwa sababu ya makovu. Hilo walibishana nalo kuliko kiasi chenyewe cha fedha, mwishowe wakaliandika.