Chini ya Land Rover ya mjomba

Land Rover ni gari ya kukudanganya jamani. Bodi ni alumini, haishiki kutu, ukishaiosha unaitazama unasema hii mbona bado iko poa, mpaka ulale chini na tochi ndo uone chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari lote, ilivyoliwa, na pale alumini inapogusana na chuma kuna unga mweupe watu hudhani ni chumvi, kumbe ni alumini yenyewe inakwisha pole pole. Hii yetu ni Series III pikapu ndefu, zile zilizotengenezwa kuanzia 1971 mpaka 1985, na marehemu mjomba aliifanyisha kazi ya magunia ya chumvi huko Gongoni na Marereni. Sasa piga hesabu mwenyewe. Chumvi ikishajificha kwa kona za chesisi haitoki, usiku hewa ikiwa nzito inavuta unyevu yenyewe, kwa hiyo chuma kinaloa hata kama mvua haijaonekana Malindi tangu lini.

Kazi ilikuwa kutoa springi zote nne, zile za vyuma virefu vilivyolaliana. Kwa maneno ni rahisi, unafungua yubolti, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, unatoa bolti za kwenye sheko, vile vipande vinavyounganisha ncha ya springi na chesisi, springi inashuka. Kwa vitendo ile bolti inapita ndani ya bushi ya mpira yenye bomba dogo la chuma katikati, na kutu imeziunganisha bolti na bomba zikawa kitu kimoja, so unazungusha unaona inazunguka unafurahi, kumbe unachozungusha ni mpira tu. Halafu kuna kitu wengi hawajui, kwa hizi Series sahani moja ya sheko ina thredi zake yenyewe, bolti inajifunga humo kama kwenye nati. Ukitoa nati ukakimbilia nyundo unaharibu thredi bure, lazima bolti ifunguliwe kwa kuzungushwa kwanza.

Fundi wangu ni mzee wa Maweni, hana haraka na mtu. Yubolti hata hakuzigombania, alizikata na grainda zote, akasema hizo hazirudishwi, zikishavutwa mara moja zimechoka, nunua mpya. Hapo nilimwelewa. Ila kwa bolti za sheko alinikataza grainda kabisa, "mwanangu, hapo ukikosea utakata chesisi, na chesisi hainunuliwi dukani." Basi ikawa ni mafuta ya kulainisha kutu jioni, asubuhi kugonga kidogo, kutia tena, kugonga tena, na magogo ya mkoko chini ya chesisi maana jeki peke yake mi siamini hata ikiwa mpya. Zilizokataa tukamwita mtu wa gesi, na kabla hajawasha tukatoa tangi la petroli kwa sababu kwa hii gari liko chini ya kiti cha dereva, si mbali na moto. Chuma kikipata moto kinatanuka kutu inapasuka, halafu mzee akagusisha nta kwenye bolti ikiwa bado moto, nta ikayeyuka ikanyonywa ndani, tukazungusha na spana tuliyoirefusha kwa bomba, ikalia mlio mbaya sana ikaachia. Bushi za kwenye chesisi ndo usiniulize, mpira uliunguzwa, moshi wake majirani walinilalamikia na haki wanayo, kisha lile ganda la nje likakatwa kwa ndani na msumeno wa chuma mpaka likalegea, likapigwa na tindo.

Kilichonishangaza ni mbele, karibu na giaboksi. Bolti za huko zilitoka kama kisu kwenye samli. Gari hii inavuja oili tangu nikiwa mdogo, barazani kwetu kuna doa halitoki, na mjomba kila akiambiwa azibe alikuwa anasema iache inajipaka mafuta yenyewe, sisi tunacheka. Sasa nimeona kwa macho yangu, palipovuja chuma ni kizima hata rangi ya kiwandani imebaki, pasipovuja pamekwisha. Siwezi kusema alikuwa anajua au alikuwa anakwepa gharama. Kwa nilivyomjua, yote mawili.

Na lingine. Gari hii siku zote ilikuwa inalalia upande wa dereva, na nyumbani jibu lilikuwa ni kwamba mjomba ni mzito. Tulipozipanga springi chini mzee akazitazama akaguna, akaniambia hebu angalia, hii ina mpindo mkubwa kuliko hii. Springi ya upande wa dereva hutengenezwa ikiwa juu zaidi kwa sababu inabeba dereva na tangi, na hizi zilikuwa zimebadilishana, ya kulia kushoto ya kushoto kulia, miaka yote hiyo! Masikini mjomba alisingiziwa kitambi.

Springi mpya tutazifunga kila moja upande wake, grisi ya kutosha ndani ya lile bomba la chuma la kila bushi na kwenye bolti, na zile bolti za sheko hazikazwi mwisho mpaka gari ishuke chini isimame kwa uzito wake, ukizikaza ikiwa juu ya magogo mpira unabaki umejisokota na utachanika mapema. Binamu yangu ameshaanza, eti gari ikikaa sawa itaonekana ya mtu mwingine. Nimemwambia alete hela ya yubolti kwanza, tukishafunga ndo tubishane.