Nilivyomrudishia baba mpira sebuleni

Baba yangu ni Yanga damu. Miaka yote mechi aliziangalia kibanda umiza, kule Majengo, Moshi, mpaka nyonga ilipomkataa kutembea. Roho iliniuma kumkuta amekumbatia redio siku ya mechi. Nikamnunulia king'amuzi cha Azam na dishi lake, maana ligi yetu iko huko. Mwaka 2021 Azam walisaini na TFF, shirikisho la soka la Tanzania, mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6. Fundi akaja, akafunga, picha safi kabisa.

Vuli ya 2023 ilipoanza, picha ikawa inakatika vipande vipande. Mshambuliaji ananyanyua mguu apige, anaganda hapohapo. Fundi akasema ni mvua. Kweli, mvua kubwa hudhoofisha mawimbi, lakini ikipungua picha hurudi. Yetu ilikatika hata jua likiwaka, hasa upepo ukivuma. Akarudi, akakata matawi ya mparachichi wa jirani yaliyokuwa mbele ya dishi, nikamlipa tena. Hali ikabaki vilevile.

Jumamosi ya tarehe 4 Novemba, kesho yake Simba na Yanga, nikasema leo napanda mwenyewe.

Kwanza niliingia kwenye menyu ya king'amuzi, palipo na mistari miwili: nguvu ya mawimbi na ubora wake. Nguvu ilikuwa imetulia. Ubora ndio ulikuwa unapanda na kushuka kila mti ulipotikisika. Hapo nikajua mti bado una neno.

Setilaiti yenyewe iko juu ya Ikweta, kilomita kama 36,000 kutoka ardhini, kwenye nyuzi 7 Mashariki. Sisi Moshi tuko kwenye nyuzi 37, kwa hiyo kwetu iko magharibi, upande wa Meru. Kilimanjaro iko kaskazini, haizuii chochote, ingawa kuna waliokuwa wanausingizia mlima.

Sasa jambo ambalo fundi hakulizingatia: dishi hizi ndogo, ambazo kichwa chake, kile kinachopokea mawimbi, kimeshikiliwa na mkono unaotokea chini, hazitazami pale uso wake unapoelekea. Zinatazama juu zaidi. Ukilitazama unadhani limeelekea katikati ya mti, kumbe linachungulia kileleni. Nilisimama kwenye ngazi kando ya dishi, nikainua simu yenye programu ya kupima mwinuko mpaka ikasoma nyuzi 54, ndio mwinuko wa setilaiti hiyo ukiitazama kutoka Moshi. Mbele yangu kulikuwa na machipukizi mapya ya mparachichi, mabichi, yanacheza na upepo. Tulikuwa tumekata matawi yasiyo na hatia.

Nikaenda kwa jirani. "Shikamoo mama, naomba nipunguze kilele cha mparachichi, unamzibia baba mpira."

"Marahaba mwanangu. Kata tu, ila zitakazoanguka usizile peke yako."

Nilipokuwa juu nikafungua na kiungio cha kebo nyuma ya kile kichwa. Ndani kulikuwa na ukungu wa kijani, maji yalishaingia. Nikakata kipande kilichooza, nikamenya upya, nikafunga na kuzungushia utepe, kisha nikaiacha kebo ining'inie kidogo kama kitanzi, ili maji yadondokee pale chini yasifuate waya hadi kwenye kiungio. Mwisho nikalegeza nati na kusogeza dishi kidogo kidogo, mpwa wangu akinisomea ubora kutoka sebuleni: "Sitini, mjomba! Sitini na nane! Usiguse tena!"

Jumapili saa kumi na moja jioni baba alikuwa kitini na skafu yake. Dakika ya 3, Musonda, kichwa, bao. Simba wakasawazisha, tukaenda mapumziko 1-1, na mawingu yakaanza kushuka. Sikukaa. Nilisimama mlangoni, jicho moja angani, jingine kwenye runinga. Kipindi cha pili Maxi akafunga, Aziz Ki akafunga, Maxi tena, Pacôme akamalizia kwa penalti. Tano kwa moja, na picha haikuganda hata mara moja.

Baba alinyoosha mkono bila kuondoa macho kwenye runinga. "Lete simu, nimpigie baba yako mdogo. Yule Simba."